Reli ya Kaskazini na Stesheni Zake Ndogo

Iko miji iliyokuwapo tangu zamani, kisha reli ikaja ikaipitia. Na iko miji ambayo reli ndiyo iliyoizaa. Mji wa Moshi ni katika hii ya pili. Jina la Moshi hapo kwanza lilikuwa la mahali pengine, juu mlimani, penye makao ya Mangi Meli, na mahali hapo hata leo paitwa Old Moshi. Mwaka 1911 Wajerumani, ambao wazee wetu wa pwani waliwaita Wadachi, walipoifikisha reli yao chini bondeni, watu walishuka kuifuata stesheni. Wenye maduka walijenga karibu nayo, wenye mazao wakateremsha magunia, vibarua wakapata kazi ya kupakia na kupakua. Na jina nalo likateremka pamoja na watu, likawa la mji mpya. Anayedhani kuwa gari la moshi ni chombo cha kupita tu, mfano wa jahazi lipitalo baharini bila kuacha alama, na autazame mji huo.

Walakini mji uliozaliwa na reli waweza pia kuachwa na reli, na Moshi yaliufika hayo. Katikati ya miaka ya 1990 gari la abiria liliacha kwenda huko. Mtoto aliyezaliwa siku zile alikua, akasoma, akaoa, asipate kumwona hata abiria mmoja akishuka katika stesheni ya mji wake. Majani yaliota baina ya mataruma, na mbuzi wakawa ndio wasafiri wa njia ile. Kisha, Desemba 2019, gari la abiria kutoka Dar es Salaam likafika Moshi tena. Na Oktoba 2020 likafika Arusha, ambako watu walikuwa wamelingoja kwa muda wa miaka thelathini hivi.

Wasomaji wetu wengi wana jamaa zao katika njia hiyo: mwenye shangazi Korogwe, mwenye wakwe Usangi, mwenye mtoto asomaye Arusha. Habari za kurudi kwa gari zilipotangazwa zilisemwa sana kwa ajili ya miji mikubwa ya mwisho wa safari, na ni haki yake. Sisi hapa twapenda kuifuata njia yenyewe, tangu mwanzo wake hata mwisho, na kutazama khasa zile stesheni za katikati, ambazo majina yake hayasomwi katika hotuba.

Reli hii haikuanzia Dar es Salaam. Mwanzo wake ni Tanga, na ndiyo reli ya kwanza iliyotandikwa katika nchi ambayo leo ni Tanzania bara. Kazi ilianza mwaka 1893 kwa fedha za kampuni ya Kijerumani, iliyotaka kuyafikia mashamba ya Usambara. Kampuni ilijiona ina nguvu, kumbe haina. Ilipofika Muheza mwaka 1896, mwendo wa kilomita 40 tu kutoka baharini, fedha zilikwisha, na reli ikakaa hapo kama mtu aliyeishiwa nauli njiani. Serikali ya Kijerumani iliichukua mwaka 1899, ikaisukuma mbele kwa kujivuta: Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, Buiko mwaka 1909, na Moshi mwaka 1911. Kilomita 352 kwa miaka 18. Mwenye kutaka kujua maana ya subira na ahesabu hapo. Kufika Arusha ilibidi kungoja utawala mwingine. Waingereza ndio waliofikisha reli huko, mwaka 1929.

Mwaka ule ule wa 1893 ambapo taruma la kwanza liliwekwa Tanga, bwana mmoja wa Kijerumani jina lake Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ilikuwa miche elfu moja, na iliyofika ikiwa hai ni 62. Kutokana na hiyo 62 yalitoka mashamba yote ya mkonge yaliyoijaza nchi ya Tanga, Muheza na Korogwe, na mkonge na reli vikawa kama ndugu mapacha. Huyu hali bila ya yule. Mkonge ulijaza mabehewa ya mizigo kwenda bandarini, na mabehewa ya abiria yakaleta watu wa kuukata. Hao ndio walioitwa manamba, kwa sababu kila mmoja aliandikwa kwa namba. Walitoka Kigoma, Rwanda, Burundi na Msumbiji, wengi wao hawakurudi makwao, na wajukuu wao leo ni watu wa Korogwe na Muheza wasiojua lugha nyingine ya nyumbani isipokuwa Kiswahili.

Wala tusisahau kwamba njia hii ilikuwa njia hata kabla ya chuma. Misafara ya Pangani ilipanda kando ya mto huo huo, chini ya milima hiyo hiyo, ikielekea Upare na Kilimanjaro. Kanzu na kofia na sauti ya adhana zilifika bara kwa miguu ya wafanya biashara, na reli ilipokuja iliongeza mwendo wa jambo lililokwisha kuanza. Basi reli hii haikubuni safari mpya. Iliifuata haja ya watu iliyokuwapo, na kwa hiyo ilipoondoka haja ile haikuondoka nayo.

Jambo moja huwashangaza vijana wakiambiwa. Kwa muda wa nusu karne reli mbili za Tanganyika hazikuonana. Ile ya kati ilitoka Dar es Salaam ikaenda Tabora na Kigoma. Hii ya kaskazini ilitoka Tanga ikaenda Moshi. Na mtu wa Dar es Salaam aliyetaka kwenda Moshi hakuwa na njia ya chuma iliyonyoka ndani ya nchi yake. Ajabu ni kwamba Moshi iliunganishwa mapema na Kenya kuliko na Dar es Salaam: katika vita vya 1914 hadi 1918 jeshi la Waingereza lilijenga reli kutoka Voi kupitia Taveta hata ikagusana na ile ya Wajerumani penye Kahe. Vita viliweza kwa miaka miwili jambo ambalo amani haikuliona kuwa la haraka. Ni mpaka mwaka 1963, nchi ikiwa imekwisha pata uhuru, ndipo kipande cha kilomita 188 kutoka Ruvu hadi Mnyusi kilipofunguliwa, na reli mbili za nchi moja zikapeana mikono.

Kipande hicho ndicho kilichofanya safari ya leo iwezekane, nacho ndicho kipitacho katika nchi iliyosahauliwa kuliko zote. Tutafika huko punde.

Kwa nini basi gari liliondoka? Watu hupenda kutoa sababu moja, na aghalabu humtaja mtu au wakati fulani. Sababu zilikuwa nyingi, zikashikana mikono. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika la reli lililokuwa moja kwa nchi tatu likagawanywa. Karakana kubwa zikabaki upande mmoja, njia ndefu upande mwingine. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka huo huo, ukafunguliwa mwaka 1983. Mkonge nao ulianguka. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa tani kama 230,000, ikiongoza duniani; halafu zikaja kamba za plastiki, bei ikashuka, mashamba yakaingia magugu, na reli iliyozoea kubeba mkonge ikakosa mzigo. Nalo gari la abiria, ndugu msomaji, halikujilisha lenyewe hata siku moja. Lililishwa na mizigo. Mizigo ilipopungua, vyuma havikubadilishwa. Vyuma vilipochakaa, mwendo ulipunguzwa. Mwendo ulipopungua, abiria walihamia katika mabasi, ambayo wakati huo yalikuwa yakiongezeka kila mwezi na barabara ikiwa imetiwa lami. Gari lilikufa kama afavyo mzee, kiungo baada ya kiungo, na siku lilipokoma hakuna aliyepiga mbiu.

Kulifufua kulikuwa kazi ya mikono mingi. Ilibidi kufyeka msitu uliokwisha kuwa msitu kweli, kuinua tuta mahali lilipokwisha kuoshwa na mvua, kubadili mataruma yaliyooza, kukaza madaraja. Palikuwa na kazi nyingine ngumu kuliko hizo. Penye njia ya chuma isiyopitiwa na gari la abiria kwa miaka ishirini na mitano, watu walijenga vibanda, wakalima mihogo, wakafungua magenge, na wengine wakasimamisha nyumba. Alama nyekundu ya X ilipopakwa kutani, wako waliolia. Sheria ilikuwa upande wa reli, kwa maana hifadhi ya njia ni hifadhi; walakini twaona ni vema kukumbuka kwamba furaha ya stesheni ilikuwa na gharama yake kwa watu wasiokuwa na pa kwenda, na kwamba kuiacha njia ilale muda mrefu ndiko kulikowavuta hao kujenga hapo.

Sasa natupande. Gari latoka Dar es Salaam alasiri, katika stesheni kongwe karibu na bandari, si ile mpya ya treni za umeme. Kichwa chake cha sikuhizi hakitoi moshi wa kuni wala makaa, ni cha dizeli, na bado watu wazima twaliita gari la moshi, na vijana waita treni. Liko behewa la kulala, liko la kukaa, na liko daraja la tatu, ambamo nauli ni ndogo na mazungumzo ni makubwa. Kina mama hukaa na vikapu vyao miguuni. Mtoto aweza kusimama, kutembea, kuchungulia dirishani; mzee mwenye maumivu ya magoti aweza kuinuka akajinyosha; na mwenye kutaka kusali hupata nafasi ya kutandika mkeka wake bila kumwomba dereva asimamishe. Asiyepata kusafiri siku nzima ndani ya basi akiwa na mtoto mchanga mapajani hatazijua thamani za mambo hayo.

Pugu yapita, Soga yapita, na penye Ruvu gari laiacha njia ya Morogoro na kugeuka kaskazini. Jua linakaribia kuzama. Kuanzia hapa barabara kuu ya lami haionekani tena, maana yenyewe yapita mbali upande wa magharibi, kwa Chalinze na Segera. Reli yaingia porini peke yake. Yavuka mto Wami kwa daraja, yapita kando ya nchi ya Saadani, ambako mbuga ya wanyama yafika hata ufuoni mwa bahari, na yasimama katika vituo ambavyo msafiri wa basi hajapata kuvisikia. Mkalamo ni kimojawapo. Wakati wa kiangazi njia za huku hupitika kwa pikipiki. Masika yakianza, udongo mweusi huwa gundi, na kijiji hukaa kama kisiwa.

Katika vituo kama hivi ndipo mtu huona maana ya gari la abiria. Dakika chache lisimamapo, gizani, taa za mkononi hukimbilia mabehewa. Wako wanaouza: samaki wakavu, mahindi ya kuchoma, maembe kwa msimu wake, mayai ya kuchemsha. Yuko anayepandisha magunia ya mkaa, na yuko anayembeba mgonjwa mgongoni. Kwa mtu wa Moshi gari ni moja kati ya vyombo viwili au vitatu awezavyo kuchagua. Likichelewa atapanda basi, na likikosekana atanung'unika. Mtu wa huku hana la kuchagua. Kuambiwa kwamba gari halitakuja juma hili ni kuambiwa kwamba mihogo itaozea shambani, na mja mzito atapelekwa hospitali kwa baiskeli.

Na juu ya hayo, wanaopima faida ya reli hii huanza kwa kuhesabu tiketi za Dar es Salaam, Moshi na Arusha. Hesabu hiyo si ya uongo, bali ni fupi. Tiketi ya mtu wa pori la Wami ni ya shilingi chache, kwa sababu safari yake ni fupi; yeye katika daftari ni mdogo kuliko wote, na katika haja ni mkubwa kuliko wote. Daftari halina safu ya kuandika haja.

Usiku wa manane gari lavuka mto Pangani na kufika Mnyusi, mahali reli ya mwaka 1963 inapoikuta ile ya kale. Mkono wa kulia njia yakwenda Muheza na Tanga. Mkono wa kushoto yakwenda Korogwe na Moshi. Gari lashika kushoto. Hili la kuiacha Tanga tutalirudia.

Tangu Korogwe barabara ya lami yarudi tena, nayo na reli zaenda sambamba katika bonde moja, milima kuume, mto na nyika kushoto: kwanza Usambara, kisha Upare. Mombo ni mlango wa Lushoto, na kabichi, karoti na matunda ya milimani hushukia hapo. Wapishi wa mjini Dar es Salaam walao mboga za Lushoto kila siku hawajui ni migongo mingapi imezibeba kabla hazijafika sokoni. Buiko leo ni mahali padogo, na hapo zamani ilikuwa mwisho wa reli kwa miaka miwili mizima. Hedaru, Makanya penye jasi, halafu Same, ambapo kunapambazuka. Akiamka mapema, msafiri huona upande wa kushoto nchi kavu yenye mibuyu ikienda hata macho yakachoka, na kulia vijiji vya Wapare vimening'inia mlimani na moshi wa chai ukipanda.

Kwa kuwa barabara na reli ni majirani hapa, kulinganisha hakuepukiki, na si kulinganisha kwa nauli peke yake. Mwezi wa Februari 2023, penye Magila Gereza katika wilaya ya Korogwe, lori liligongana na basi dogo lililokuwa limebeba jeneza na ndugu waliokuwa wakimsindikiza maiti wao kwenda kumzika Kilimanjaro. Watu 17 walikufa papo hapo, na wengine baadaye. Waliotoka kuzika mmoja wakazikwa wengi. Juni 2025, penye Sabasaba mjini Same, basi na basi dogo yaligongana yakashika moto, na waliokufa walipita 35. Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Mahali pote pawili pako katika bonde ambalo reli yapita humo humo.

Hatusemi kwamba chuma hakiui. Wazee watakumbuka Juni 2002, huko Igandu katika mkoa wa Dodoma, gari la abiria liliporudi nyuma lenyewe mlimani na kugonga gari la mizigo. Watu zaidi ya 280 walipotea siku moja. Breki mbovu haichagui barabara wala reli. Hata hivyo, katika njia hii ya kaskazini, kila msiba, kila harusi na kila sikukuu huongeza watu katika barabara nyembamba moja, na wengi wao husafiri kwa magari madogo ya kukodi, usiku, dereva akiwa hajalala. Gari lilipoanza tena mwaka 2019 mabasi yalikuwa bado hayaruhusiwi kusafiri usiku kucha. Ruhusa hiyo ilirudishwa Oktoba 2023. Katika miaka ile minne mwenye kutaka kulala Dar es Salaam na kuamkia Same alikuwa na njia moja ya salama ya kufanya hivyo, nayo ilikuwa behewa.

Na wakati wa Desemba! Watu wa Kilimanjaro wana desturi ya kurudi kwao mwisho wa mwaka, walioko mjini wote kwa siku zile zile, na malalamiko ya nauli za mabasi kupandishwa husikika kila mwaka, kama mvua za vuli. Gari lililorudi lilirudi katika mwezi huo huo, na mabehewa yalijaa. Wako waliolipanda kwa haja, na wako waliolipanda kwa kumbukumbu, wakiwaonyesha watoto wao dirisha walilochungulia wao walipokuwa watoto.

Baada ya Same njia huteremka kuelekea bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha Kahe. Reli ya vita iliyokuja kutoka Voi ilikutana na hii hapa. Leo imelala, na Taveta, iliyokuwa na reli ya kwenda pande zote mbili, haina ya kwenda hata upande mmoja. Kutoka hapo, kama mawingu yakikubali, mlima wa mita 5,895 husimama mbele ya kichwa cha gari na hautoki tena mpaka stesheni. Moshi hufikiwa asubuhi. Kipande cha kwenda Arusha huchukua saa nyingine, na mandhari yake ni ya migomba na mashamba, tusikaeleze sana, kwa kuwa Arusha ina waandishi wake wa kutosha.

Sasa tuseme lililo gumu. Gari lililorejea lilirejea kwa safari chache kwa juma, na mwendo wake ni wa taratibu. Njia yenyewe ni ya upana wa mita moja, vyuma vyake ni vyepesi, na mvua kubwa ikinyesha hukatika penye mito na makorongo; hapo huduma husimama, pengine kwa muda mrefu, na watu hurejea kuuliza stesheni kila siku. Mfanya biashara wa mboga hawezi kupanga shehena yake kwa chombo kijacho leo, kisha kisije mwezi. Ndiyo maana twaona kwamba kuifufua reli hakwishi siku ya kukata utepe. Siku ile ni ya ngoma. Kinachofuata ni kokoto, mataruma, makalvati, na fundi mwenye nyundo apitaye njia kwa miguu kabla ya gari, kila siku, kwa mshahara anaoupata kwa wakati. Kazi hiyo haipigwi picha.

Wako wasemao kwamba yote haya ni bure, maadamu reli mpya ya upana wa kimataifa imekwisha kuja. Ni kweli kwamba Juni 2024 treni za umeme zilianza kwenda Morogoro, na Julai mwaka huo huo Dodoma, na waliozipanda huzisifu kwa haki. Safari iliyokuwa ya siku nzima sasa ni ya saa chache. Hata hivyo treni ya mbio haipendi kusimama kila kituo. Ingesimama, isingekuwa ya mbio. Kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo vituo vidogo vinavyopungua, na mtu wa Mkalamo hatafaidika na chombo kinachompita kama risasi. Majirani zetu wa Kenya wameliona jambo hili. Walipata reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017, na juu ya hayo walirudi wakaifufua njia ya zamani: Nairobi hadi Nanyuki mwaka 2020, na Nairobi hadi Kisumu Desemba 2021, kwa mabehewa yale yale ya kale yapitayo miji midogo ya bondeni. Reli mpya na reli kongwe si wake wenza wa kugombana. Kila moja ina nyumba yake.

Tumeahidi kuirudia Tanga. Gari la abiria lililorudi mwaka 2019 halikuanzia huko, wala njia yake haigusi huko. Lafika Mnyusi, lageuka. Mizigo hupita katika njia ile, nayo bandari ya Tanga yahitaji reli sana. Lakini mtu wa Tanga mwenye mgonjwa wa kupelekwa Moshi, au kijana wa Muheza aendaye chuoni Arusha, sharti kwanza apande basi mpaka Korogwe, mwendo usiofika kilomita 100, akangoje gari usiku katika stesheni isiyo yake. Hali vyuma alivyovifuata vyaanzia karibu na bandari ya mji wake, mahali vilipoanzia mwaka 1893, kabla Moshi ya bondeni haijakuwa na nyumba hata moja. Behewa moja au mawili yangetosha, ya kutoka Tanga jioni na kungoja pale Mnyusi mpaka gari kubwa lifike kutoka Ruvu, kisha yakafungwa nyuma yake; ndivyo reli zilivyofanya siku zote penye njia panda. Wakati mwingine wanapokaa kupanga ratiba ya kaskazini, wenye stesheni za Muheza na Tanga wangependa kusikia jibu.